Maharage ya Irakoze na Vishikwambi Kumi

Jumatatu, 16 Septemba

Mvua ya kwanza ya vuli imenyesha alfajiri. Saa nne asubuhi kijana wa mradi, Danstan, akafika kwa pikipiki kutoka Biharamulo, tope limempanda hadi magotini na sanduku limefungwa nyuma kwa mpira. Ndani mlikuwa na vishikwambi kumi, chaja zake, paneli ndogo ya sola na daftari moja gumu, ambalo ni langu.

Nimepewa kazi ya kupima. Watoto wangu wa darasa la awali watacheza mchezo wa kompyuta unaoitwa Shamba la Maneno, kumi kumi, nusu saa kila kundi. Katikati ya Novemba nitajaza fomu yenye maswali kumi na tano, na la mwisho ndilo lenye uzito: je, mchezo huu unafaa kwa watoto wa miaka mitano na sita? Yuko mwalimu mwingine huko Nyamigogo anayepima kama mimi. Majibu yetu wawili ndiyo yatakayoamua kama mchezo utaenda shule zote za Ngara na Biharamulo.

Daftari la mradi lina safu tatu: jina la mtoto, alichofanya, maendeleo. Nilitaka kuandika kwamba mvua imenyesha na watoto wakamzunguka Danstan kama kuku waliomwagiwa mtama, nikaona hakuna safu yake. Ndiyo maana nimeanza daftari hili jingine.

Jumanne, 17 Septemba

Danstan amelala kwa Mwalimu Mkuu Erasmus, na leo amenifundisha.

Mchezo una sehemu mbili. Ya kwanza ni Shamba. Mtoto anapigwa picha, uso wake unakaa juu ya kishamba cha maharage, maana yake hili ni lako. Kisha inatokea picha, tuseme ya jembe, na sauti ya dada mmoja, laini, Kiswahili cha redioni, inasema: "Hili ni jembe. Sema, jembe." Mtoto akisema sawasawa, mche unatoa ua. Akikosea, jani linageuka njano. Akikosea mara tatu mche unakauka na kulala chini, na dada yule anashusha pumzi: "Masikini, mche umekauka. Jaribu tena."

Sehemu ya pili ni Soko. Huko hakuna kusema. Mtoto anagusa ndizi ziingie kapuni mpaka zitimie idadi anayoonyeshwa.

Nilimuuliza Danstan kwa nini mche ukauke. Akasema imeonekana kwamba mtoto akiona amepoteza kitu anaongeza bidii. Anaongea vizuri, bila kukwama, kama wale wauza dawa wa mnadani pale Benaco ambao hakuna ugonjwa wasiokuwa na chupa yake. Sikumwamini sana. Lakini vishikwambi ni vizuri, na mimi nina watoto tisini na wanne.

Ijumaa, 20 Septemba

Mvua kutwa. Watu wote wako mashambani. Waliokuja darasani ni thelathini na mmoja.

Jumatatu, 23 Septemba

Tumeanza. Kundi la kwanza nililipanga nikichanganya wepesi na wazito, ili nipime kwa haki. Wawili nitawaandika hapa kwa sababu nadhani hao ndio watakaonifundisha.

Wa kwanza ni Irakoze, mwenye maneno kuliko darasa zima. Mama yake, Niragira, aliolewa hapa akitokea ng'ambo ya mpaka, na nyumbani wanaongea Kirundi. Kiswahili cha Irakoze amekiokota kwetu, shuleni na njiani, na anakitumia chote alichonacho. Akija asubuhi utajua mbuzi wao amezaa, nani amegombana na nani kisimani, na baba ameota ndoto gani. "Kula" anasema "kura", "lori" anasema "roli", na hapungukiwi na lolote.

Wa pili ni Tecla. Tangu Januari hajasema neno ndani ya darasa langu. Nikiita jina lake ananyanyua mkono. Nyumbani anaongea, bibi yake ameniapia. Hapa anakaa kwenye kona ya ukuta, magoti kidevuni, na kwa wingi wa watoto nilionao zipo siku inafika saa sita sijakumbuka kwamba yupo.

Jumatano, 25 Septemba

Nimepanda maharage yangu nyuma ya nyumba. Mgongo unauma.

Jumatatu, 30 Septemba

Tecla ameingia Soko. Nilimkalisha na kishikwambi nikageuka kutenganisha wawili waliokuwa wakivutana. Niliporudi alikuwa kwenye ndizi kumi na mbili. Nikasimama nyuma yake. Kumi na tano. Kumi na nane. Ishirini, bila kukosea hata mara moja, kidole kimoja kikigusa taratibu kama anayechambua mchele. Kapu lilipojaa kengele ikalia, naye akacheka. Hakutoa sauti, lakini meno niliyaona.

Miezi tisa nimekuwa nikiandika kwenye ripoti zake "hajui kuhesabu". Kumbe nilikuwa sijui mimi.

Nilimwendea Mwalimu Mkuu mbio. Akatabasamu, akasema alijua tu vishikwambi vitasaidia. Nilimkasirikia kidogo. Nadhani anachopenda ni wageni, na jina la shule kutajwa wilayani.

Alhamisi, 3 Oktoba

Maharage yameota vilima vyote. Ukisimama barabarani malori ya mpakani Rusumo yakipita, unaona mistari ya kijani hadi chini bondeni.

Leo Irakoze alikausha miche mitatu mfululizo. "Kalamu", "lori", "mlima". Kila mara alitamka kwa nguvu zaidi, kama mtu anayemwita kiziwi. Wa tatu ulipoanguka alinivuta sketi.

"Mwalimu, nimeyaua?"

Nikamwambia huo ni mchezo tu, ajaribu tena. Nilikuwa na haraka, kundi la pili lilikuwa mlangoni.

Jumatano, 9 Oktoba

Siku ya nne bila mvua. Watoto wanafukua vumbi nyuma ya choo na kuokota vipande vya turubai la buluu vya enzi za kambi za wakimbizi. Nimewakataza kuvitia mdomoni.

Alhamisi, 17 Oktoba

Jua limekuwa kali mno. Maharage yamefika chini ya goti na sasa majani ya chini yamegeuka njano. Jirani yangu ameanza kubeba maji ya kisima kwa ndoo, mche kwa mche. Mimi nimeyaachia Mungu.

Darasani kumetulia. Nimemaliza kujaza ukurasa wa kundi la kwanza. Tecla: anahesabu hadi thelathini, maendeleo mazuri sana. Irakoze: amekuwa mtulivu, hapigi kelele, anasikiliza. Maendeleo mazuri.

Jumanne, 22 Oktoba

Leo nitaandika kirefu.

Saa tano, watoto wakiwa kwenye uji, Niragira alisimama mlangoni amejifunga kanga ya kazi, tope kavu miguuni. Alikuwa amemwacha mtoto mchanga kwa jirani. Alinisalimu, "Shikamoo mwalimu," nikaitikia, nikamkaribisha benchi. Hakukaa. Akaniuliza kama huku shuleni Irakoze anaongea.

Nilifungua mdomo niseme ndiyo, nikagundua sikumbuki. Nilirudisha mawazo nyuma siku moja, mbili, wiki. Sikukumbuka habari yoyote ya mbuzi wala ya kisima. Nikamwambia ametulia.

Niragira akaniambia nyumbani hajaongea nje ya mlango kwa siku kumi na mbili. Ndani ananong'ona. Akitoka tu anafumba mdomo kwa mkono, na akipita kando ya shamba anakimbia. Walidhani ni jino. Wakampeleka zahanati, mganga akammulika mdomo, akasema ni mzima. Bibi wa jirani akasema mtoto ametupiwa kitu, atafutiwe dawa. Baba yake akaanza kukubaliana na hilo. Ndipo jana Niragira akajifunika naye blanketi moja mchana kweupe, akamwambia hapa hakuna jani wala mche, sema. Naye akasema.

Niragira alinieleza polepole, akitafuta Kiswahili chake, na sehemu nyingine akaisema kwa Kirundi, maana alijua Kihangaza changu, kinachokaribiana na Kirundi, kitaielewa.

"Amesema kinywa chake kinakausha maharage. Amesema ameanza na ya shule, sasa anamaliza ya kwetu. Mwalimu, hapa shuleni kuna maharage gani?"

Nilimwonyesha. Nilichukua kishikwambi, nikafungua Shamba, tukaona uso wa binti yake ukicheka juu ya matuta, na chini yake miche kumi na saba imelala, rangi ya udongo. Niragira aliitazama. Hakunilaumu. Angenilaumu ingekuwa nafuu. Alisema tu kwamba siku mvua ilipokata Irakoze alikuwa amekaa kwenye tuta anaimba, na siku chache baadaye majani ya chini yakaanza kugeuka. Mtoto amejumlisha.

Nikamwambia nitakuja kesho shambani kwake. Akashukuru, akaenda kumnyonyesha mdogo.

Watoto walipoondoka nilijifungia darasani na kishikwambi kimoja. Nilijipiga picha. Uso wangu ukakaa juu ya shamba, nimekunja ndita. Dada akasema, "Hii ni kalamu. Sema, kalamu."

Nikasema. Jani likawa njano.

Nikasema tena, kwa sauti ya kufundishia. Njano. Nikasema mara ya tatu polepole, nikiusikiliza ulimi wangu mwenyewe, na nikausikia: karamu. Mche ukalala chini. "Masikini," dada akasema.

Nina miaka kumi na tisa kazini. Nimezaliwa na Kihangaza, nimesoma kwa Kiswahili, nimefundisha mamia kusoma, na wamesoma, wengine ni wauguzi leo. Nilikuwa peke yangu humo ndani na bado nilisikia uso unawaka. Mimi mtu mzima, ninayejua kwamba hicho ni kioo na betri, nilitaka kulia kwa ajili ya mche uliochorwa.

Kisha nikafungua daftari la mradi, nikasoma nilichoandika Alhamisi. "Amekuwa mtulivu. Maendeleo mazuri." Mtoto alikuwa amejifungia mdomo, nami nikampa alama kwa hilo.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimekwenda kwa Niragira baada ya kazi. Maharage yao yako mteremkoni, udongo wa kokoto, yameteseka kuliko yangu. Irakoze aliponiona alikuja, akanishika mkono, akapiga goti la salamu bila neno. Nilimweleza kwamba mvua ndiyo haijanyesha, kwamba hata kwangu yamekauka na yeye hajawahi kufika kwangu. Alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, namna mtoto anavyomtikisia mtu mzima anayejisemea.

Maneno hayatoshi. Maneno ndiyo yaliyomponza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Mvua! Kubwa, ya saa tatu. Nimesimama barazani kama mwehu.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani watu wote wana tope na wote wanacheka. Nilimtafuta Irakoze kwa macho. Wengine waliimba, yeye alifumba mdomo. Kumbe mvua haikumfungua. Labda anaona yamepona kwa kuwa amenyamaza.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimesimamisha Shamba kwa makundi yote. Soko linaendelea. Nikamweleza Mwalimu Mkuu, akauma kalamu, akaniuliza kama ninaruhusiwa. Nikasema sijui.

Leo nimeleta makopo matatu ya siagi, udongo na maharage sita. Tumepanda mawili mawili mbele ya watoto wote. Kopo la kwanza tutalimwagilia na kulisemesha kila siku, vyovyote tunavyosema. La pili tutalimwagilia bila kulisemesha. La tatu hatulimwagilii, ila mimi nitalisemesha kila asubuhi kwa Kiswahili cha redioni, kadiri ulimi utakavyoniruhusu.

Wakalisemesha la kwanza hadi bati la paa likatikisika. Karamu! Roli! Mrima! Nikasema na mimi, karamu, wakacheka sana. Irakoze alikaa mbali, viganja viwili mdomoni.

Ijumaa, 1 Novemba

Hakuna kitu kwenye makopo. Watakatifu Wote, Misa jioni.

Jumatatu, 4 Novemba

Tulipofungua darasa kopo la kwanza lilikuwa na shingo mbili zimeinama, na la pili vilevile. Watoto walipiga makofi. La tatu, kavu. Nikainama nikalisemesha kama kawaida: "Habari za asubuhi, maharage. Tafadhali oteni." Nililitamka kila neno kama mtangazaji.

Irakoze alikuwa amesogea. Siku hizi anasogea kila siku hatua moja. Alitazama la kwanza lenye kelele, akatazama lile kavu, na nikaona uso wake unabadilika. Haikuwa furaha. Ilikuwa ile hasira ya mkulima anayemwona mwenzake anafanya upuuzi.

"Mwalimu," akasema, "hiki kinataka maji."

Sauti ilikuwa imekwaruza. Darasa lote likageuka. Nilijitahidi nisionyeshe kitu, nikamuuliza ana hakika.

"Kinataka maji. Ukikisemesha tu hakisikii. Reta kikombe."

Nikaleta kikombe. Akamwagilia mwenyewe, akiukandamiza udongo kwa vidole, na akaendelea kunieleza jinsi mama yake anavyofanya, na jinsi jogoo wa jirani alivyofukua tuta zima, na baba alivyomkimbiza. Saa tano nilimwomba anyamaze kidogo ili wengine wanywe uji. Alikataa.

Nimetoka nje kidogo nyuma ya darasa. Nimerudi.

Ijumaa, 8 Novemba

Danstan amefika. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata sentensi nilizipanga nikiwa napika. Nilimweleza yote: miche kumi na saba, blanketi, zahanati, makopo. Nikamweleza na ile kalamu niliyoshindwa kuitamka, ingawa hilo sikuwa nimepanga kulisema. Alisikiliza bila kunikatiza.

Akaomba aongee na mtoto. Irakoze akaja, Danstan akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamuuliza mche ukianguka yeye anaona nini.

"Nimeuua."

"Na dada akisema jaribu tena?"

"Anataka niue mwingine."

Danstan akamshukuru, akamruhusu kwenda kucheza. Akabaki amechuchumaa, akichezea funguo za pikipiki. Kisha akaniambia kwamba yeye ni wa Nyamahanga, kwao wanaongea Kisubi, na alipoingia shule ya sekondari aliwacheka wenzake waliokuwa wanachekwa kwa matamshi yao ili asichekwe yeye. Akasema ofisini wanahesabu watoto wanaojaribu tena. Idadi yao ni kubwa na wote wanaifurahia.

"Anayenyamaza hatumwoni," akasema. "Kwenye takwimu zetu anaonekana amemaliza mapema."

Mwalimu wa Nyamigogo ameshaleta fomu yake, ametia tano kwa tano kila mahali, kwa sababu darasa limetulia. Danstan aliniomba nisiweke alama tu. Niandike kila kitu, hata fomu ikikosa nafasi nishone karatasi. Nilimuuliza fomu ikisema hapana, atawaambia nini wakubwa zake. Akasema bado hajui.

Pikipiki yake ilikataa kuwaka, tukaisukuma wote hadi mteremkoni. Si muuza dawa wa mnadani. Nilikosea.

Alhamisi, 14 Novemba

Fomu iko mezani tangu saa nane. Kumi na nne nimejaza. La kumi na tano bado: Ndiyo, Hapana, viboksi viwili.

Nikifikiria Irakoze mkono unakwenda kwenye Hapana. Halafu namwona Tecla, ambaye sasa anahesabu hadi hamsini na asubuhi anafika kabla yangu, anasimama mlangoni akitazama sanduku. Hicho kitu kimemfikia pale ambapo mimi sikumfikia miezi tisa. Hakikumlazimisha kuongea, hakikumharakisha, hakikuwa na wenzake tisini na watatu wa kuwahudumia.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikampa karatasi zangu sita asome. Nilitegemea aniombe nilegeze. Alisoma zote, akavua miwani.

"Madam Avelina, ukitia Hapana wanavichukua vyote. Na sola."

Nikasema najua.

"Unajua kwa nini nilivitaka?"

Nikasema kwa ajili ya jina la shule. Akacheka kidogo, kwa huzuni. Akasema ameomba mwalimu wa pili wa awali kwa miaka minne, na kila mwaka ananiona natoka darasani saa sita nikishika ukuta. "Mwalimu sikumpata. Nikapata hivi."

Tumefanya kazi pamoja miaka minane. Akachukua kalamu, akatia sahihi chini ya karatasi zangu bila kugusa neno, akanirudishia ili viboksi nivijaze mwenyewe.

Nimetia Hapana. Pembeni nikaandika: Soko libaki, Shamba liondolewe au mche usikauke kamwe, na ulimi wa mtoto upimwe na watu wanaoishi naye. Nimeandika pia habari za Tecla, ukurasa mzima, ili asiwepo atakayesema nilificha wema wa mchezo.

Ijumaa, 15 Novemba

Fomu imeondoka na basi la asubuhi. Nimepalilia.

Jumatatu, 25 Novemba

Danstan amepiga simu. Wakubwa zake wamesoma. Mchezo hautakwenda shule nyingine mwakani. Utarudishwa kwa watengenezaji, kukausha mche kutaondolewa, na watatafuta sauti za watoto wa huku. Hilo wamekubali wote. Lakini Soko haliwezi kutenganishwa na Shamba, limeshonwa pamoja, kwa hiyo vishikwambi vyote vinarudi. Itachukua mwaka, labda miwili. Nilimuuliza kama shule yetu itakumbukwa. Akasema hataniahidi asichokuwa nacho mkononi.

Nimekuwa nikimsubiri mtu wa kumlaumu, simpati.

Ijumaa, 29 Novemba

Wamechukua. Danstan alitaka kuacha paneli, haikuwezekana, imeandikwa kwenye orodha. Alimuaga kila mtoto kwa mkono. Irakoze alimpa kiganja cha maharage mabichi kutoka kwao, yaliyopona, akamwelekeza namna ya kuyapika, mpaka chumvi.

Tecla alisimama mlangoni sanduku lilipokuwa linafungwa kwa mpira. Nilipiga magoti nikamwambia ukweli: vinakwenda kutengenezwa, kesho havirudi, na mimi ndiye niliyesema viende. Alinitazama. Kisha akaenda kwenye kona yake, magoti kidevuni.

Hilo nalo ni langu. Nimeliandika hapa kwa kuwa kwenye fomu halina safu.

Jumatatu, 2 Desemba

Nimekaa na Tecla kwenye kona tangu uji hadi saa sita, tukipanga vijiti. Hakusema. Nami sikumuuliza kitu. Wengine walifanya vurugu kubwa, Mwalimu Mkuu akaja mwenyewe akawaimbisha. Sikujua anajua kuimba.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua tangu usiku, kijito kimepanda, daraja la miti limefunikwa. Kesho kutwa tunafunga shule. Waliofika leo ni wachache, wameloa, nikawakalisha karibu karibu wapashane joto, nikaanza kuhesabu kwa ajili ya rejista. Nilihesabu kwa kidole, kwa sauti, kama kawaida. Kumi na tisa. Nikachukua kalamu nikaandika.

"Ishirini."

Sikuitambua sauti. Ilikuwa ndogo na safi. Nikadhani ni Irakoze anatania, lakini Irakoze naye alikuwa amegeuka kumtafuta aliyesema.

Tecla alikuwa ukutani, nyuma ya mlango niliouacha wazi, mahali ambapo kidole changu hakikufika. Alikuwa amesimama. Akanyoosha chake, akaanza upya, mtoto kwa mtoto, bila haraka, midomo ikitikisika, mpaka akamaliza wote kumi na tisa. Kisha akajigusa kifuani.

"Ishirini," akasema tena.

Nikafuta kumi na tisa, nikaandika ishirini.